Moto Uliogeuka Chanikiwiti

Gereji ya Bwana Shee ilikuwa nyuma ya kituo cha petroli, kwenye barabara itokayo Malindi kwenda Lamu. Mafundi wake wote walifanya kazi nje, chini ya mti mkubwa wa mkungu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Gerishom. Yeye alikuwa na chumba chake cha mabati upande wa nyuma, chenye mlango mpana wa kuingizia gari, na kila alipoanza kazi aliufunga mlango ule.

Wageni walidhani anaringa. Sivyo. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali gesi inapovuja katika mashine za baridi za magari, na gesi ile haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye kitundu kidogo kuliko cha sindano, kisha huteremka chini kimya kimya, maana ni nzito kuliko hewa. Na Malindi kuna upepo mchana kutwa. Ukiacha mlango wazi, upepo unaichukua gesi kabla hujajua ilikotoka. Kwa hiyo wenzake walipokuwa nje wakipiga soga na kutaniana, Gerishom alikuwa ndani ya joto la mabati, peke yake na gari la watu.

Alikuwa mtu wa bara, Mmaragoli, aliyekuja pwani kutengeneza friji za hoteli. Alikuja na mkewe, Jedida. Jedida hakuuweza mji. Alisema joto linampasua kichwa, na chumvi ya hewani inamla ngozi. Mwaka wa kwanza haujaisha akarudi bara kumtembelea mamaye, na hakurejea. Baadaye habari zikaja kwamba ameolewa Kakamega. Gerishom alizipokea habari hizo akiwa ameinama kwenye bomba la gari, akasema, "Haya," akaendelea kukaza nati. Hakuoa tena. Alipanga chumba mtaa wa Barani, akawa anakwenda kanisani Jumapili, anafua nguo, anapika ugali wa mtu mmoja.

Siku hizo alikuwa akitumia povu la sabuni. Unapaka kwenye maungio ya mabomba, unasubiri, na mahali panapovuja panatoa malengelenge. Pia alizoea kupapasa kwa vidole, kwa sababu gesi ikitoka hutoka na mafuta kidogo, na vumbi hushika pale. Mivujo mikubwa aliipata vizuri. Ile midogo, ya gari linalopoa leo na kupoteza baridi baada ya wiki chache, ilimshinda. Na magari mengi ya Malindi yalikuwa na midogo, kwa kuwa hewa ya bahari huila shaba na bati polepole. Madereva wa hoteli wakaanza kulalamika. Mmoja wao, Kalama, aliyeendesha basi dogo la watalii, alirudi gereji mara kwa mara akisema wageni wake wanaiva kama ndizi.

Ndipo Bwana Shee alipoagiza taa kutoka Mombasa. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Ilikuwa taa ndogo ya kushika mkononi, yenye moto mdogo ndani, kipande cha shaba juu ya moto, na mpira mrefu mwembamba wa kuvuta hewa. Aliyeileta aliwakusanya mafundi akawaonyesha. Alifungua gesi kidogo, akausogeza mdomo wa mpira.

"Tazameni moto," akasema. "Gesi ikipita kwenye shaba, moto unageuka rangi ya majani. Mmeona?"

"Naam!" wote wakaitikia.

Gerishom naye akaitikia. Lakini yeye aliona moto tu. Ulikuwa vile ulivyokuwa kabla, labda umefifia kidogo.

Hakushangaa sana. Tangu utotoni alijua kuna kitu wenzake wanakiona, yeye hakioni. Babaye alikuwa na mibuni, na wakati wa kuchuma, Gerishom alijaza kikapu buni mbichi na mbivu pamoja. Alipigwa akaambiwa ni mvivu. Ndugu zake walisema anafanya kusudi. Yeye mwenyewe hakujua la kujibu, akajifunza kunyamaza na kuwaangalia wengine wanachuma zipi. Kwa friji na mabomba hakuhitaji rangi. Sasa kazi yake ilikuwa imeingia kwenye rangi, na aliogopa akisema ataambiwa afunge mizigo yake.

Akawa anaingia chumbani na taa, anaiwasha, anaupitisha mpira chini ya mabomba huku akikodoa macho mpaka yanatoa machozi. Haoni kitu. Kisha anaizima na kurudia sabuni yake. Magari yakaendelea kurudi.

Nje ya geti la gereji kulikuwa na mwanamke akiuza mihogo ya kuchoma, aitwaye Kache. Wote walimwita Mama Dena, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, mjane. Mumewe alikuwa mgema, akaanguka kutoka juu ya mnazi, na tangu hapo Kache alipanga chumba mtaa wa Muyeye, akawa anauza mihogo mjini siku za kazi na kurudi Kakuyuni kwa watoto na mama mkwe mwisho wa juma. Mchana alikuwa akipita kwa mafundi na sinia, mihogo imepasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu.

Siku moja alifika kwenye mlango wa chumba cha mabati akabisha.

"Hodi, fundi. Leo huli?"

"Karibu, Mama Dena. Ingia upesi ufunge, upepo usiingie."

Akaingia akaurudishia mlango. Gerishom alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, taa mkono mmoja, mpira mkono wa pili. Kache akasimama na sinia lake akiangalia.

"Loo," akasema. "Mbona moto wako umegeuka chanikiwiti?"

Gerishom akaganda. "Umegeuka saa hii?"

"Saa hii. Kama jani changa la mgomba. Ah, umerudi tena. Umeondoa huo mpira."

Akaurudisha mpira pale ulipokuwa, taratibu. "Na sasa?"

"Chanikiwiti."

Alipaka sabuni pale pale, akasubiri muda mrefu kuliko kawaida yake. Kikatoka kilengelenge kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Kwa sabuni peke yake asingekiona, maana angekwisha kupita. Gerishom akakaa sakafuni. Kache alidhani ameumia.

"Moshi unaniuma macho," alimwambia. "Ukipata nafasi kesho, njoo uniangalizie."

Akaja kesho yake, na keshokutwa. Baada ya siku kadhaa, alipokuwa akimpa mhogo wake, alichukua pilipili mbili kutoka kwenye sinia akaziweka kwenye kiganja.

"Fundi, ipi nyekundu?"

Gerishom akaziangalia. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu. Aliinua mkono kuelekea moja, akaushusha.

"Sijui," akasema.

Alingoja kicheko. Kache hakucheka. Alizirudisha pilipili kwenye sinia, akafuta kiganja kwenye leso yake.

"Na mbinguni je, unaona rangi?"

"Mbingu naiona vizuri. Bahari pia. Hizo pilipili ndizo zinanichanganya."

"Basi si kipofu," akasema Kache. "Tusiwaambie."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mihogo ikiisha mchana, Kache aliingia chumbani, akasimama nyuma ya bega la Gerishom na kuuangalia moto. Yeye alipitisha mpira, na Kache akasema, "Bado. Bado. Hapo." Magari yakaacha kurudi. Kalama wa hoteli alimwambia Bwana Shee kwamba wageni wake sasa wanaomba masweta. Gerishom alipewa magari ya wazungu wenye majumba, na gari la mkuu fulani aliyekuja kupumzika.

Mafundi wa nje, nao, wakaanza maneno. Phineas, fundi wa injini, aliyekuwa mtu wa utani usiopumzika, alipaza sauti kila Kache alipoingia: "Haya, baridi inatengenezwa!" Na mlango haukuweza kuachwa wazi. Kache akapata dawa yake mwenyewe. Alikuwa akiimba. Tangu anapoingia mpaka anapotoka aliimba nyimbo za kwao, za kulima na za kupura mahindi, kwa sauti ya kuwafikia walio chini ya mkungu, ili kila mtu asikie kwamba mdomo wake una kazi nyingine. Aliukatisha wimbo pale tu aliposema, "Hapo," kisha akaendelea kwenye neno lililofuata.

Gerishom hakujua Kigiriama. Alizijua nyimbo zile kwa mpangilio wake tu. Usiku chumbani kwake Barani zilimjia kichwani, na alijikuta akingoja mchana kama mtu anavyongoja mvua. Hakumwambia. Kwake Kache alikuwa Mama Dena, na kwa Kache yeye alikuwa fundi, na kila mmoja alilishika jina la mwenzake kwa adabu. Walizungumza mambo madogo. Kache alieleza jinsi walivyomleta mumewe kutoka shambani wakimbeba kwenye mlango ulioong'olewa. Gerishom alieleza baridi ya Maragoli asubuhi, jinsi pumzi inavyoonekana. Kache hakuamini. Alidhani ni mzaha wa watu wa bara.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha likaja gari moja kubwa la mwenye hoteli, limegongwa mbele. Bomba lilikuwa limepasuka pabaya, na gesi iliyobaki ndani ilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri Gerishom. Alipousogeza mpira tu, moto uliruka.

"Si chanikiwiti," Kache akasema, "umekuwa kama zambarau," na hapo hapo akashikwa na kikohozi.

Gerishom naye alihisi koo linachomwa. Gesi hii yenyewe haidhuru kitu, lakini ikiungua kwa wingi kwenye moto ule hutoa moshi wa sumu. Aliyemwuzia Bwana Shee taa alikuwa amelisema hilo kwa haraka, mwishoni, watu wakiwa wameanza kutawanyika. Gerishom akaitupa taa, akamshika Kache mkono kwa mara ya kwanza, akamvuta nje. Wakamkalisha chini ya mkungu. Alikohoa mpaka leso ikamdondoka kichwani. Hata Phineas alikwenda kuleta maji.

Kache hakuonekana geti kwa siku nyingi. Gerishom alikwenda Muyeye akauliza nyumba baada ya nyumba, akaambiwa amepelekwa kwao. Kazi ilikuwepo, naye aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kuwasha kitu.

Kache aliporudi alikuwa amekonda, na sauti yake imekwaruza. Jambo la kwanza aliloambiwa na Gerishom ni, "Usiingie tena humu."

"Na wewe utaonaje?"

"Nitaona."

"Kwa macho ya nani?" Akajifunga leso puani na mdomoni, akaingia. Hakuimba tena. Pumzi haikumtosha. Alisema "Bado" na "Hapo" tu, na katikati alikohoa, na kila kikohozi kilimwingia Gerishom kama msumari.

Siku iliyofuata, asubuhi, Gerishom alimwendea Bwana Shee ofisini. Bwana Shee alikuwa mzee wa Shella, mtu wa maneno machache, akinywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Gerishom. Kuna nini?"

"Mzee, nimesikia kuna mashine mpya, isiyotumia moto. Inalia inaponusa gesi. Naomba utuagizie."

"Taa ina nini?"

Gerishom alikuwa ameyapanga maneno mengi juu ya moshi na usalama. Yote yakampotea. "Mimi siioni ile rangi," akasema. "Sijawahi kuiona. Ni Mama Dena anayeniangalizia, na moshi unamwua kifua."

Bwana Shee akakiweka kikombe chini. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote, mzee."

"Ungelisema."

"Niliogopa."

"Nina binamu yangu Mombasa ana duka la vifaa hivyo," akasema mzee. "Nitamwambia. Nenda kafanye kazi, na huyo mama asiingie kwenye moshi."

Gerishom alitoka na furaha. Hakumwambia Kache. Alitaka kwanza mashine ifike, asije akamwahidi kitu kisichokuwepo. Naye Kache, kila alipokatazwa, aliingia vile vile na leso yake puani.

Ilifika mwaka wa themanini na nane, mwanzoni mwa msimu wa watalii. Ilikuwa kama tochi, yenye shingo nyembamba ya kujipinda. Ukiiwasha inalia taratibu, kama tone la maji linaloanguka ndani ya ndoo, na ikikaribia gesi inaharakisha mpaka inakuwa mlio mmoja. Kache alifika mchana na sinia lake tupu, akakuta Gerishom ameishika. Akasikiliza. Gerishom akaipitisha kwenye maungio moja baada ya jingine, mlio ukaharakisha, akasimama.

"Hapo," akasema yeye mwenyewe.

Kache akatabasamu. "Basi mimi nimeachishwa kazi."

Gerishom alikuwa na neno la kumwambia. Lilikuwa limejaa kinywani. Lakini watu wawili walikuwa wamesimama mlangoni kuiona mashine mpya, Phineas mmoja wao, na neno lile halikuwa la kusemwa mbele ya watu.

"Sasa kifua chako kitapona," akasema.

"Inshallah," akajibu Kache, ingawa hakuwa Mwislamu, kama wasemavyo watu wote wa mji ule. Akachukua sinia lake, akatoka.

Siku za mwanzo alipita mlangoni na mhogo. Alibisha, akaupitisha mkono, akaenda zake, asiingize upepo. Kisha akawa anamtuma mtu mwingine. Kisha sehemu yake ya geti ikakaliwa na mama mwingine, wa viazi. Gerishom aliuliza akaambiwa mama mkwe wake anaumwa, amerudi Kakuyuni moja kwa moja.

Ilimchukua Gerishom miezi kupanga safari ambayo hata si safari. Jumapili moja hakwenda kanisani. Alivaa shati alilokuwa akilitunza, akanunua sukari na majani ya chai, akapanda gari la Kakuyuni. Aliuliza njia kwa wanaolima, akaonyeshwa boma lenye nyumba ya makuti mapya kati ya mikorosho.

Kache alikuwa uani akipura mahindi. Alipomwona alisimama, akajipangusa makapi.

"Fundi! Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuwaamkia."

Akamkaribisha vizuri, akamletea kiti na maji ya kunywa, akampeleka kumwamkia mama mkwe aliyelala ndani. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Kisha akarudi kwenye mahindi yake, na Gerishom akavuta kiti, akachukua hindi, akawa anamsaidia kupukuchua.

"Mama Dena," Gerishom akasema, "chumba kile kimekuwa kimya sana."

"Si mna mashine inayolia?"

"Inalia."

Kache akatupa gunzi kando. "Phineas aliniambia ni wewe uliyekwenda kwa Mzee Shee kuiomba. Nikajua umechoka. Yale maneno ya watu yamekuchosha, nawe ni mtu wa kanisa. Sikukulaumu."

Gerishom akamtazama. "Niliiomba kwa ajili ya kifua chako."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Kuku walikuwa wamekuja kwenye punje zilizoruka. Kache akawafukuza kwa mkono, bila kuwaangalia.

"Kambi ameniezekea nyumba hii," akasema. Kambi alikuwa ndugu wa marehemu mumewe. "Wazee wamekaa, nami nimekubali anirithi. Dena na wenzake watabaki kwa ukoo wa baba yao. Ni mtu mwema, hanipigii kelele. Nilikubali baada ya mavuno."

Mavuno yalikuwa juzi tu. Gerishom aliangalia rundo la magunzi.

"Ni vizuri," akasema.

"Ungekuja kabla, fundi."

"Ndiyo."

Jua lilipopinda akaaga. Kache alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, ambapo mwanamke wa watu anaweza kumsindikiza mgeni bila kusemwa. Pale akasimama. "Nenda salama, Gerishom," akasema. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Gerishom akataka kumwita Kache, jina likakwama, akainua mkono tu, akashika njia.

Hakwenda tena Kakuyuni. Kazi ilizidi, maana hoteli ziliongezeka na kila gari jipya lilikuja na baridi yake. Alikuwa fundi anayetafutwa kutoka Watamu mpaka Kilifi, na watu walimsalimu barabarani. Jioni alirudi Barani, akapika, akala, akaosha sufuria moja na sahani moja.

Mwaka uliofuata daktari wa macho alizuru hospitali ya mji, na Bwana Shee, ambaye hakuwa amesahau, alimwambia aende. Daktari alimwonyesha kurasa zenye vidoa vingi, akamwuliza anaona namba gani. Kwenye nyingi hakuona namba yoyote. Daktari akamweleza kwa upole kwamba amezaliwa hivyo, kwamba wanaume wengi wako hivyo na wengine hawajui mpaka wanakufa, kwamba huenda alirithi kwa mamaye ambaye mwenyewe aliona vizuri, na kwamba haukuwa uvivu wala ukaidi.

Gerishom alitoka hospitalini akiwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Alitembea haraka. Alikuwa na habari, habari kubwa ya maisha yake yote, naye alikuwa akiipanga kichwani jinsi atakavyoisimulia, wapi aanze, wapi achekeshe. Alifika kwenye njia panda ya soko ndipo akapunguza mwendo. Babaye alikuwa amekwisha kufa. Jedida hakujua hata kwamba kuna jambo la kuelezwa. Na yule ambaye angeuliza maswali yanayostahili alikuwa katika ua wa mtu mwingine.

Akaenda gereji. Phineas alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Gerishom akachuchumaa.

"Phineas, daktari anasema nimezaliwa siwezi kuona baadhi ya rangi. Nyekundu na ya majani."

"Kumbe!" sauti ikasema kutoka chini. Kukasikika mgongano wa vyuma. "Nipe spana hiyo iliyo karibu na tairi."

Gerishom akampa. Alibaki amechuchumaa kidogo, huenda kuna neno jingine. Kisha basi dogo la hoteli likaingia getini, Kalama akitoa kichwa dirishani na kusema baridi imekwisha tena, na wageni anawachukua saa kumi. Gerishom akasimama, akamwelekeza aliingize gari ndani.